Kibaraza Chenye Grili: Namna ya Kukigeuza Kuwa Bustani ya Kukalia

Katika miji ya mwambao, kuanzia Mombasa hadi Tanga na Dar es Salaam, nyumba nyingi za familia siku hizi zina kibaraza cha mbele kilichofungwa kwa grili. Ukuta hupandishwa hadi kiunoni, chuma hujaza nafasi iliyobaki mpaka kwenye boriti, wavu wa mbu huongezwa, mlango hutiwa kufuli, kisha mahali hapo hukabidhiwa madumu ya maji, pikipiki, viatu vya watoto na kiti cha plastiki kilichovunjika mgongo. Wenye nyumba hukaa sebuleni na feni inazunguka mchana kutwa, ilhali hatua tatu kutoka hapo pana upepo wa bahari na mwanga wa kutosha kusomea bila taa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kukirudishia kibaraza cha namna hiyo kazi yake ya kukaliwa, kikiwa na mimea hai, kivuli cha kweli na viti vinavyostahimili unyevu. Vipimo na mifano mingi nimeitoa kwenye kibaraza changu mjini Tanga, chenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 2.5, kinachotazama magharibi.

Jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo ni mfuatano wa kazi. Mtu anapotaka bustani, mkono humwenda kwanza kwenye mimea, nami ndivyo nilivyofanya. Mwaka wa kwanza nilinunua mimea kumi na miwili kwa siku moja, nikaipanga mstari mmoja kandokando ya grili, na Januari ilipokwisha tisa kati yake ilikuwa imeungua majani. Mimea ile ilikuwa mizima siku niliyoinunua. Kilichokosekana ni mimi kujua jua linafika wapi saa tisa alasiri. Tangu hapo nimeshika utaratibu mmoja, na ndio ninaoupendekeza: jua na upepo vishughulikiwe kwanza, chuma na sakafu vifuate, kisha mahali pa kukaa papangwe, na mimea iwe ya mwisho kununuliwa.

Kaa humo kabla ya kupamba

Ondoa vitu vyote kibarazani, osha sakafu, kisha weka kiti kimoja tu na ukikalie kwa nyakati tofauti kwa muda wa siku tatu. Chukua chaki, na kila ifikapo saa tatu asubuhi, saa sita mchana, saa tisa alasiri na saa kumi na moja jioni, chora sakafuni na ukutani mstari unaoonyesha mahali jua linapoishia. Siku ya tatu utakuwa na ramani ambayo muuza maua hawezi kukupa: kona isiyofikiwa na jua kabisa, ukanda unaopata jua la asubuhi peke yake, na sehemu inayopigwa na jua kali la alasiri.

Ramani hiyo hubadilika kwa msimu, na mabadiliko yake yanatabirika. Kwa kuwa Tanga na Dar es Salaam ziko kusini mwa ikweta, kati ya nyuzi 5 na nyuzi 7, jua la mchana huegemea kusini kuanzia Oktoba hadi mapema Machi, kisha huegemea kaskazini miezi yote iliyosalia. Kwa hiyo kibaraza kinachotazama kaskazini, ambacho kina kivuli kizuri mwezi Desemba, kitaingiwa na jua mwezi Juni, na kinachotazama kusini kitakuwa kinyume chake. Cha mashariki ndicho rahisi kuliko vyote, kwa sababu jua la asubuhi ni pole na mimea mingi hulipenda. Cha magharibi ndicho kigumu, maana kuanzia saa nane mchana hadi machweo jua hushuka, likapenya chini ya ukingo wa paa na kufika mpaka ukuta wa ndani, likiupasha joto ambalo ukuta utalitoa tena baada ya magharibi, wakati hasa familia inapotaka kukaa.

Pima pia nguvu ya mwanga katika sehemu zisizopata jua la moja kwa moja. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali unapokusudia kuweka mmea, kisha nyosha kiganja chako sentimita 30 hivi juu yake. Kivuli kikiwa na kingo kali, mwanga ni mwingi. Kikiwa kinaonekana lakini kingo zimefifia, mwanga ni wa kati na mimea mingi ya majani itaridhika. Kikiwa hakionekani, hapo pafaa kiti au kabati, na mimea michache sana itavumilia.

Upepo nao una majira yake. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, ukija na siku zenye joto kali, na kusi huvuma kutoka kusini-mashariki baada ya hapo hadi karibu Septemba au Oktoba. Funga kipande cha uzi katika pembe nne za grili uone hewa inaingilia wapi na kutokea wapi. Ukiona nyuzi zimetulia upande mmoja wote, ujue hapo patahitaji feni, au sehemu ya ukuta ifunguliwe kwa matofali ya matundu.

Kivuli ndicho kazi ya kwanza

Jua likishapita grili na kuingia ndani, joto lake limeshaingia, na pazia la ndani, hata liwe zito namna gani, hupunguza mng'ao tu. Kwa hiyo kinga ya jua huwekwa nje ya chuma kila inapowezekana. Kinachofaa zaidi kwa mwambao ni chiki, yaani mapazia ya mianzi au matete yaliyochanwa vipande vyembamba na kusukwa kwa uzi, ambayo hukunjwa juu kwa kamba. Hewa hupita katikati ya vipande, mtu aliye ndani huona nje, na mpita njia haoni ndani wakati wa mchana. Usiku taa ikiwashwa mambo hugeuka, kwa hiyo anayejali sitara aongeze pazia jepesi upande wa ndani. Turubai la plastiki, ambalo nimeliona kwenye vibaraza vingi, huzuia jua na upepo kwa pamoja na kukifanya kibaraza kuwa tanuri. Kama fedha ni kidogo, afadhali wavu wa kivuli unaotumiwa kwenye vitalu vya miche, ule unaopunguza mwanga kwa karibu nusu.

Kivuli kizuri kupita vyote ni cha mmea unaotambaa nje ya grili, na hapa ndipo ninapovunja utaratibu wangu wa kuacha mimea mwisho, kwa sababu mmea huu huhitaji muda wa kukua. Ikiwa kuna ardhi japo nusu mita mbele ya ukuta, panda mdodoki mwanzoni mwa mvua, nao utakuwa umefunika grili baada ya miezi miwili au mitatu, huku ukitoa madodoki ya kusugulia mwili. Mpasheni huchukua muda mrefu zaidi lakini hudumu miaka kadhaa, na matunda yake ni juisi ya nyumbani. Bogenvilia hupenda jua kali la magharibi ambalo mimea mingine hulikimbia, na miiba yake humzuia pia mtu mwenye nia mbaya, ingawa hudai kupunguzwa matawi mara kwa mara. Mmea wowote utakaouchagua, usiuache ukamate grili yenyewe: nyosha waya za kupandia zilizo mbali na chuma kwa sentimita 15 hivi, ili upepo upite, wavu usichanwe, na siku ya kupaka rangi uweze kupitisha brashi.

Kama kibaraza kimeezekwa kwa mabati bila dari, mtu aliyekaa chini yake hupata joto kutoka juu hata kama pande zote zina kivuli. Weka dari nyepesi ya mianzi au mbao, ukiacha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati yake na bati, na nafasi hiyo iwe wazi pembezoni ili hewa ya moto itoke.

Chuma, wavu na sakafu

Hewa ya chumvi hula chuma kwa kasi, na rangi iliyopakwa juu ya kutu hubanduka kabla ya mwaka kuisha. Sugua kutu yote kwa brashi ya waya na msasa, futa vumbi, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha paka rangi ya mafuta mara mbili, ukiacha kila mkono ukauke kabisa. Kuhusu rangi nina msimamo ulio wazi. Grili nyeupe huonekana kabla ya kitu kingine chochote, na aliyekaa ndani hujiona yuko nyuma ya nondo. Grili nyeusi au ya kijani kilichoiva hujificha nyuma ya majani, na jicho hupita moja kwa moja hadi uani. Kubadili rangi hii peke yake kulikigeuza kibaraza changu kuliko kiti chochote nilichonunua.

Wavu wa mbu uwe na matundu yasiyozidi milimita 1.5, na uwe wa faiba au alumini, kwa kuwa ule wa chuma cha kawaida huoza pwani. Wavu hupunguza upepo kwa kiasi kinachohisika, hasa ukijaa vumbi, kwa hiyo uoshwe kwa brashi laini na maji ya sabuni kila baada ya miezi michache. Ukihitaji feni ya dari, ile iitwayo pangaboi, hakikisha mapanga yake yako juu ya sakafu kwa mita 2.1 au zaidi.

Kabla hujasonga mbele, angalia njia ya kutokea. Kibaraza kilichofungwa kwa grili huwa ndio mlango mkuu wa nyumba, na moto ukizuka usiku, kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani ulipo ni hatari kubwa. Ufunguo mmoja uwe na mahali pake pa kudumu ndani, panapofikiwa na kila mtu mzima gizani lakini pasipofikiwa kwa mkono kutoka nje, na njia ya kuelekea mlangoni isiwekwe chungu wala meza. Vilevile, kwa kuwa umefunga pande kwa chiki, mimea na mapazia, usiingize humo jiko la mkaa wala jenereta hata siku ya mvua kubwa, maana hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua mtu akiwa amelala.

Sakafu ya simenti iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa, ile ya nyumba za zamani, hupendeza sana chini ya majani mabichi na ni rahisi kuosha. Vigae vya kung'aa huteleza maji yakimwagika, na kwenye kibaraza chenye mimea maji yatamwagika kila siku, kwa hiyo chagua vigae vyenye uso wa kukwaruza. Mwagize fundi aache mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea nje, pamoja na tundu la kutolea maji chini ya ukuta, nalo lifunikwe kwa wavu.

Mahali pa kukaa

Swali la kujiuliza ni aliyekaa atakuwa anaangalia nini. Kwa desturi viti hupangwa mgongo ukiwa kwenye ukuta wa nyumba, uso ukielekea nje, na hapo macho hukutana na grili na barabara iliyo mbele yake. Mimi niliweka kikalio upande mfupi wa kibaraza, ili aliyekaa atazame urefu wote wa mita 5, na mimea ikajipanga mbele yake moja nyuma ya nyingine. Kibaraza kilekile kilichoonekana ujia mwembamba kikaanza kuonekana chenye kina, kwa sababu jicho lilipewa safari ndefu zaidi.

Kikalio chenyewe nakipendekeza kiwe cha kujengwa. Baraza za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimeshikamana na ukuta wa nyumba, hazisogei, haziliwi na mchwa, na watu wanne hukaa mahali ambapo viti viwili vingejaza. Jenga kwa matofali baraza yenye kimo cha sentimita 42 hivi na upana wa sentimita 55 kwa watu wa kukaa miguu chini. Kama watu wa nyumbani hupenda kukunja miguu au kujinyoosha alasiri, upana uwe sentimita 80 hadi 90. Chini yake acha uwazi wenye mlango mdogo wa mbao, ili yale madumu na viatu yapate makazi. Mpangaji asiyeruhusiwa kujenga anaweza kutumia kitanda cha kamba kilichokatwa miguu kidogo, na asiache kumwomba mwenye nyumba ruhusa hata ya kutoboa ukuta.

Viti vya kuongezea viwe vichache na vyepesi. Vya henzirani na mianzi hufaa mahali palipo na paa, ila visilale vikiwa vimelowa. Vya mbao viwe vya mninga, mvule au msaji, kwa kuwa mbao laini za bei nafuu huwaita mchwa haraka, hasa miguu yake ikisimama kwenye maji ya kumwagilia. Acha njia ya kupita yenye upana usiopungua sentimita 75 kutoka mlango wa grili hadi mlango wa nyumba, na uipime ukiwa umeshika sinia la chai mikononi, maana ndivyo itakavyotumika.

Kwa mito, sponji ngumu ya sentimita 8 hadi 10 hutosha kwa kikalio, ikivalishwa kitambaa chenye zipu kinachovuliwa na kufuliwa. Kikoi kizito kinavumilia sana. Kanga hupendeza kwenye foronya, lakini mshonaji aambiwe mapema asiikate ovyo. Kanga ina mji katikati, pindo pande zote na jina lililoandikwa chini, na foronya nzuri ni ile inayobaki na jina lake likisomeka, kwa sababu mgeni akikaa atalisoma, na mazungumzo yataanzia hapo. Kitambaa chochote kitapauka jua likikifikia kila alasiri, nayo ni sababu nyingine ya kutanguliza kivuli. Chini weka mkeka wa ukindu au jamvi.

Mimea, sasa

Rudi kwenye ramani ya chaki. Nunua kwanza mmea mmoja mkubwa, wa kimo cha mtu au zaidi, uuweke kwenye kona ya mbali inayotazamwa na kikalio. Mpira wa mapambo, wenye majani mapana yanayong'aa, hufaa, na vivyo hivyo michikichi ya mapambo yenye mashina mengi membamba. Mmea mmoja mkubwa hukifanya kibaraza kiwe bustani kuliko vikopo ishirini vilivyopangwa juu ya ukuta, na maji yake ni ya mara moja badala ya ishirini. Baada ya huo ongeza mimea ya kimo cha goti katika makundi ya mitatu au mitano, ile yenye majani mapana ikikaa karibu na yenye majani membamba, kisha umalize kwa michache ya kuning'inia.

Ukanda wa jua kali la alasiri, hata baada ya kuwekewa chiki, uachie mimea inayovumilia jua kali: mshubiri, krotoni zenye majani ya rangirangi ambazo hupoteza rangi zikikosa jua, na adenium, lile ua lenye shina lililofura kama kibuyu na maua ya rangi ya waridi, ambalo ni la Afrika yetu wenyewe. Mahali penye mwanga wa kati weka kangaga, ambazo hupenda unyevu na hufa zikikaa kwenye njia ya upepo mkavu wa kaskazi, pamoja na mani planti ya kuning'inia.

Kona yenye mwanga hafifu ina majibu mawili ya uhakika, yote yakiwa wenyeji wa Afrika. Moja ni sansevieria, yenye majani magumu yaliyosimama kama panga. Jingine ni zamioculcas, ambayo huhifadhi maji kwenye mizizi yake minene kama viazi, na kwa sababu hiyo huuawa na upendo wa maji kuliko na kiu. Inasikitisha kuona watu wetu wakiidhania mimea hii kuwa ya kigeni kwa kuwa tu imerudi kwetu ikiwa na majina ya kigeni.

Hadithi ya namna hiyo ipo hapahapa Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya, aliona maua madogo ya zambarau yakiota kwenye mawe yenye kivuli, akapeleka mbegu kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akayapa jina la Saintpaulia. Leo yamo madirishani mwa nyumba nyingi Ulaya na Marekani, ilhali hapa mjini ni wachache wanaoyafuga. Anayekaa Lushoto au Amani, kwenye ubaridi wa milima ya Usambara, ayape heshima ya meza ya katikati, mbali na jua la moja kwa moja, na ayanyweshe kwa kumimina maji kwenye kisahani, ili majani yenye manyoya yasilowe. Joto la Tanga mjini huyachosha, na simshauri mtu kuyalazimisha.

Kwa harufu, mwambao hauhitaji kufundishwa. Yasmini hufungua maua jioni, kwa hiyo chungu chake kiwe karibu na kikalio, lakini upande unaopata jua la nusu siku, la sivyo utapata majani matupu. Mrehani huhitaji kukatwa vichwa vya maua kila vinapochomoza ili usizeeke. Mchaichai ukikaa karibu na njia hutoa harufu kila anayepita anapougusa kwa nguo, na nanaa huishi vizuri kwenye chungu kipana penye kivuli kidogo. Hivi vitatu vya mwisho huenda moja kwa moja kwenye birika na sufuria.

Katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, mani planti, zamioculcas na ile mimea ya majani mapana yenye madoa meupe iitwayo dieffenbachia ikae juu, mbali na mikono, kwa kuwa utomvu wake una chembe kali zinazochoma mdomo na koo. Utomvu wa adenium ni sumu, na mnyaa wa utupa usiingizwe kabisa, maana maziwa yake yakiingia jichoni huleta madhara makubwa.

Muuzaji akikuambia mimea itasafisha hewa ya nyumba, nunua kwa sababu unaipenda, si kwa ahadi hiyo. Imani hii ilienea kutokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, ambao ulifanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Kibaraza chenye wavu husafishwa na upepo kwa kiasi ambacho vyungu kumi haviwezi kukaribia.

Vyungu, udongo na maji

Chungu cha udongo wa kuchoma hupumua na hukauka haraka, kwa hiyo kinafaa kwa mshubiri na adenium. Kangaga na nanaa hupendelea cha plastiki kinachotunza unyevu, na unaweza kukificha ndani ya kikapu cha ukindu. Kila chungu kiwe na tundu chini, bila ubaguzi. Watu wengi huweka tabaka la kokoto chini kwa kuamini kwamba maji yatatoka vizuri, lakini maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo mwembamba kwenda kokoto kubwa, bali hubaki yametuama juu yake, karibu zaidi na mizizi. Kipande kimoja cha gae juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Kwa mimea mingi ya majani, changanya sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa na sehemu moja ya mchanga wa mto au makumbi ya nazi yaliyosagwa. Mchanga wa pwani usitumike, una chumvi. Kumbuka pia uzito: ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa hupita kilo 30, kwa hiyo chungu kikubwa kiwekwe mahali pake kabla ya kujazwa, na vya kuning'inia vishikwe na boriti au zege, kamwe si dari ya jipsamu.

Kumwagilia kusifuate kalenda. Chomeka kidole hadi kiungo cha kwanza. Pakiwa pakavu mwagilia mpaka maji yatoke chini, pakiwa na unyevu acha. Wakati wa kaskazi kangaga huenda zikahitaji maji kila asubuhi, na katikati ya masika sansevieria hukaa wiki tatu bila tone.

Visahani vya chini ya vyungu ndivyo vinavyonitia wasiwasi kuliko jambo lolote katika kazi hii yote. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hutaga kwenye maji safi kidogo ya namna hiyo na huuma mchana, na akizaliwa ndani ya kibaraza chenye wavu, wavu ule unamfungia pamoja nawe. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hung'ang'ania ukingo wa kisahani na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji. Chagua siku moja ya wiki, toa visahani vyote, visugue kwa brashi na sabuni, kisha vijaze mchanga ili maji yasisimame wazi. Tangu nianze kufanya hivyo kila Jumamosi, watoto hukaa kibarazani hadi usiku bila kujikuna.

Taa

Taa moja nyeupe katikati ya dari huua kazi yote usiku. Tumia balbu za mwanga wa manjano, zenye alama ya Kelvini 2700 hadi 3000, uziweke chini na pembeni: moja nyuma ya mmea mkubwa ili vivuli vya majani viangukie ukutani, nyingine kando ya kikalio kwa msomaji. Mwanga wa namna hii pia huvuta wadudu wachache kuliko ule mweupe wa buluu. Kwa kuwa maji yatarukaruka, taa na soketi ziwe za kuhimili unyevu, zenye alama ya IP44 au zaidi, zifungwe na fundi umeme juu ya kimo cha vyungu, na waya wa ekstensheni usilazwe sakafuni hata kwa jioni moja.

Masika yakikaribia

Mwezi Machi kabla ya mvua kubwa, toa mkeka na mito juani kutwa nzima, kagua kamba za chiki, zibua tundu la maji, na sogeza vyungu sentimita chache kutoka ukutani ili ukungu usiote nyuma yake. Mkeka wa ukindu ukishaanza kunuka koga, upanguse kwa kitambaa chenye siki kidogo na uanike. Ukiachwa umelala kwenye sakafu yenye majimaji mpaka Mei, itakubidi kusuka mwingine.